Mashua ya safari ya mita 12.8 iliyoundwa kwa oda: tathmini ya karakana, kuanzia mkuku hadi majaribio ya baharini

Karakana tunayoitathmini ni ndogo, inaunda mashua za matanga kwa oda tu, na haishiki chombo cha pili kabla cha kwanza hakijashuliwa. Chombo chenyewe ni mashua ya safari ndefu: urefu mita 12.8, upana mita 3.95, kina majini mita 2.1. Uzito wa kwenye michoro ni kilo 9,200, na kati ya hizo kilo 3,400 ni farumi ya risasi (uzito wa chini unaoizuia mashua isipinduke). Bodi, yaani ganda la mashua, ni ya mbao na epoksi (gundi ya resini inayochanganywa na kigumishi).

Uamuzi tunautoa mapema. Kwa kazi ya mbao, gundi na mkuku (uti wa chini ya bodi unaobeba risasi), karakana hii tunaipendekeza bila kusita. Kwa kudhibiti uzito, na kwa kumwachia fundi wa injini na mabomba mahali pa kuingiza mkono, bado haijafika, na mteja asiyesimamia mwenyewe mambo hayo mawili atakuja kuyalipia baadaye. Chanzo cha tofauti hiyo kilionekana wazi kadiri kazi ilivyoendelea: kila kitu ambacho kingefunikwa kilipimwa, kikapigwa picha na kuandikwa kabla ya kufunikwa. Vitu vya kubaki wazi viliachiwa uzoefu wa mafundi, wakati navyo vilihitaji vipimo vilevile.

Mkataba

Malipo yaligawanywa kwa awamu sita, kila awamu ikifungwa na kazi iliyokamilika na kukaguliwa. Hakuna awamu iliyofungwa na tarehe ya kalenda, na ndivyo inavyotakiwa. Anayekubali kulipa kwa tarehe anaweza kujikuta ametoa fedha nyingi na bodi bado iko kwenye fremu. Kifungu kilichotupendeza zaidi ni cha umiliki: kila malipo yanapopokelewa, bodi, mbao, risasi na vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya chombo vinakuwa mali ya mteja na vinapigwa alama ya namba ya chombo humohumo karakanani. Bila kifungu hicho, karakana ikifilisika mteja anapanga foleni na wadai wengine, huku mashua yake ikihesabiwa kuwa mali ya karakana. Asilimia 10 ya bei ilizuiwa hadi majaribio ya baharini yamalizike.

Fomu ya mabadiliko ilikuwa na nafasi ya bei na nafasi ya siku zitakazoongezeka. Nafasi ya kilo haikuwepo. Tutarudi hapo.

Bodi

Bodi iliundwa ikiwa kifudifudi, juu ya fremu za muda zilizopangwa kila sentimita 50. Tabaka la msingi ni vipande vya mwerezi mwekundu vya unene wa milimita 22, vilivyogandishwa ubavu kwa ubavu. Juu yake zikalazwa vinia (tabaka nyembamba za ubao) mbili za mkangazi za milimita 3, kila moja ikipita mshazari wa digrii 45 kinyume cha mwenzake, kisha faibaglasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ndani ni faibaglasi ya gramu 600 yenye nyuzi za mshazari.

Tabaka hizi za mshazari zina kazi maalumu. Ubao una nguvu kwa kufuata nyuzi zake; ukiuvuta kwa kukata nyuzi, unapasuka mapema sana. Katika bodi ambayo vipande vyote vinatoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), nyaya za mlingoti zikivuta juu na mkuku ukivuta chini, nguvu zinataka kuachanisha maungio. Vinia na faibaglasi ndizo zinazoyashika. Fundi akipendekeza vipande vya mwerezi na kitambaa chepesi tu kwa mashua ya ukubwa huu, adaiwe hesabu za nguvu kwa mujibu wa ISO 12215-5, kiwango cha kimataifa cha uimara wa bodi, kabla ya kulipwa chochote.

Mbao zilipimwa unyevu fungu kwa fungu, na zilizotumika ni za kati ya asilimia 8 na 12. Zilizozidi ziliwekwa kando zikaendelea kukauka. Kipimo hiki hakina mjadala, kwa sababu epoksi inazuia unyevu kuingia na inauzuia pia kutoka. Ubao ukifungiwa humo ukiwa mbichi utakaa na maji yake miaka mingi, na unyevu ukipita asilimia 20 kuvu wa kuozesha wanapata makao. Joto la karakana lilishikiliwa kati ya nyuzijoto 18 na 22, na hakuna aliyeruhusiwa kupaka ikiwa uso wa ubao haujazidi kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji) kwa nyuzi 3.

Mlangoni lilining'inizwa daftari lenye joto, unyevu wa hewa, namba ya pipa la resini, saa ya kuchanganya na jina la aliyechanganya. Kila mchanganyiko uliachiwa mabaki kidogo kwenye kikombe chenye namba. Asubuhi, kabla ya kazi kuanza, msimamizi anavikwaruza vikombe kwa ukucha kimoja kimoja, na kinachobonyea kinampeleka moja kwa moja mahali mchanganyiko huo ulipopakwa. Kwenye chombo hiki alikuta kikombe kimoja cha aina hiyo. Vipande vitatu vya mwerezi vikang'olewa siku hiyohiyo, na rekodi ya jambo hilo imo kwenye faili alilopewa mteja.

Uangalifu huo una maana kwa sababu epoksi haina tabia ya resini ya poliesta. Huwezi kuzidisha kigumishi ili iwahi kukauka. Kiasi kilichozidi hakina resini ya kuungana nayo, kinabaki ndani na kulifanya ungio liwe laini daima. Ikitakiwa kasi zaidi, kinabadilishwa kigumishi chenyewe au linaongezwa joto: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya epoksi ikauke kwa takriban nusu ya muda. Kwa sababu hiyo kipimo hapa kilikuwa cha mizani, na hakuna aliyekadiria kwa macho.

Kasoro moja ilijitokeza. Epoksi ikikauka kwenye baridi au unyevu huacha utando kama nta juu yake. Dawa yake ni maji safi na pedi ya kusugulia, na lazima ioshwe kabla ya kupiga msasa, maana msasa unausukuma utando ndani ya mikwaruzo. Upande wa kulia, ndani ya omo, hatua hii ilirukwa, na rangi ya kwanza ikajikusanya na kuacha vidoa vyenye umbo la macho. Eneo la takriban mita 4 za mraba likakwanguliwa na kurudiwa bila ubishi wala gharama kwa mteja.

Mambo mawili madogo yanaonyesha kuwa mafundi hawa wanaijua kazi. La kwanza, mbao tupu zilipakwa epoksi jioni, joto likishuka. Zikipakwa asubuhi, hewa iliyo ndani ya ubao inapanuka kadiri joto linavyopanda na kutoboa rangi kwa mapovu. La pili, kila tundu la skurubu lilitobolewa kubwa kuliko skurubu, likajazwa epoksi nzito, kisha likatobolewa upya katikati. Tulifungua vifaa vitatu vya sitaha bila kutoa taarifa, na vyote vilikuwa na pete ya epoksi ikitenganisha chuma na ubao. Mashua nyingi za mbao na epoksi huanza kuharibika kupitia tundu la skurubu iliyofungwa kwa haraka.

Kulainisha uso na kupaka rangi vilikwenda vizuri na havina la kusimulia, isipokuwa suala la rangi yenyewe. Mteja aliomba buluu iliyokoza. Karakana ilikataa kwa maandishi, na ilikuwa na haki. Epoksi nyingi zinazokaushwa kwa joto la kawaida huanza kulegea kati ya nyuzijoto 50 na 60, na uso wa rangi nzito kwenye jua kali hupita hapo kwa urahisi. Matokeo yake ni alama za maungio kuonekana kupitia rangi, na baadaye tabaka kuanza kuachana. Chombo kikapakwa nyeupe.

Mkuku

Hii ndiyo sehemu bora ya kazi nzima. Risasi imeshikwa kwa boliti 10 za milimita 30 za chuma cha pua aina ya dupleksi 2205. Chuma cha pua cha 316 kinachotumika kila mahali huhitaji oksijeni ili ngozi yake ijihifadhi; kikifungiwa kwenye mwanya wenye maji yasiyotembea, huliwa taratibu bila kuonekana kwa nje. Dupleksi huvumilia mazingira hayo vizuri zaidi. Tundu za boliti zilijazwa epoksi na kutobolewa upya, na mkuku ukakalishwa juu ya epoksi nzito ili ugusane na bodi kila mahali, kisha nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda kwenye ncha.

Ndani, mzigo unachukuliwa na mataruma ya sakafu (mihimili ya ndani juu ya mkuku) yaliyoundwa kwa tabaka za mbao zilizogandishwa na kufungwa kwenye bodi kwa faibaglasi. Yote yanaonekana, na hakuna ganda la ndani lililobandikwa juu yake. Hilo tulilitilia mkazo kwa sababu inayojulikana na kila mkaguzi. Mei 2014 mashua Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki na mabaharia wanne wakapotea. Uchunguzi wa MAIB, idara ya Uingereza ya kuchunguza ajali za baharini, ulielekeza kwenye athari za pamoja za kupwelewa huko nyuma na matengenezo yaliyofuata, ambazo huenda zilidhoofisha muundo uliobeba mkuku. Chombo kikigonga mwamba, mwenye chombo lazima aweze kuyaangalia mataruma hayo kwa macho na tochi, siku hiyohiyo.

Kwa nati nane kati ya kumi, hapa inawezekana. Mbili zilizobaki ziko chini ya tangi la maji, na tangi halitoki mpaka meza na kochi la upande wa kushoto vifunguliwe. Fundi mmoja hutumia karibu nusu siku. Tangi hilo lingegawanywa mawili, kila moja likapita kwenye mlango wa sakafu. Michoro ilionyesha hivyo. Likaunganishwa kuwa moja ili kupata lita 60 za ziada, na hakuna aliyeuliza nati zitafikiwaje.

Uzito

Bodi tupu ilipopinduliwa ilipimwa ikiwa imening'inia kwenye kreni, ikakutwa pungufu ya makadirio kwa kilo 40. Baada ya hapo mizani haikutumika tena hadi siku ya kushua, na siku hiyo chombo kilikuwa na kilo 9,760. Zimezidi kilo 560.

Kwa umbo la mashua hii, kila kilo 280 huizamisha sentimita 1. Kwa hiyo ilikaa sentimita 2 chini ya mstari wake wa maji, na kwa kuwa uzito mwingi uliongezwa nyuma, tezi ilizama zaidi ya omo. Sentimita 2 zinaonekana kidogo, lakini msanifu alikuwa ametenga kilo 1,500 za maji, mafuta, chakula, nanga za akiba na mizigo ya wasafiri. Sasa zimebaki 940. Kwa chombo cha kuvuka bahari huo ni upungufu mkubwa kuliko kasoro nyingine yoyote tuliyoikuta.

Kilo hizo ziliingia kidogo kidogo. Plaiwudi ya sakafu ilichorwa milimita 12, ikawekwa 15 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Meza ya jikoni ikawa ya jiwe. Ikaongezwa jenereta, na baada ya jenereta kiyoyozi. Kila badiliko liliidhinishwa kwa sahihi, likiwa na bei na siku zake. Fomu ingekuwa na nafasi ya tatu ya kilo na ya nne ya umbali kutoka katikati ya chombo, mteja angeiona namba ikipanda kabla ya kutia sahihi, na pengine jiwe lingekataliwa. Hilo lilimhitaji mtu mmoja, mizani ya jukwaa na daftari kama lile la mlangoni.

Usalama haukuathirika kiasi cha kutisha. Kanuni ya ISO 12217-2 kwa mashua ya matanga ya daraja A (la bahari kuu) inadai pembe ambayo chombo bado kinajirudisha isipungue 130 ukitoa 0.002 mara uzito kwa kilo, yaani digrii 111.6 kwa kilo 9,200, na haishuki chini ya 100 kwa chombo chochote. Jaribio la kuinamisha lilifanyika gatini baada ya kushua, kwa uzito halisi, na mashua ikapita kwa nafasi ya kutosha. Karakana inastahili sifa kwa kulifanya jaribio badala ya kutegemea hesabu ya michoro.

Umeme, mabomba na injini

Waya zote ni za shaba iliyopakwa bati, ncha zimebanwa kwa kifaa chake, na kila waya una namba pande zote mbili. Mchoro uliokabidhiwa ni wa waya zilivyo, si zilivyokusudiwa. Kosa lililopatikana ni la winchi ya nanga. Inavuta ampea 100 kwa volti 12, na njia yake kwenda na kurudi ni mita 20. Kwa waya wa milimita za mraba 35 uliokuwa umelazwa, volti 1 nzima inapotea njiani, zaidi ya asilimia 8. Winchi inapungukiwa nguvu wakati mnyororo umebana, ampea zinapanda na waya unapata joto. Ulibadilishwa kuwa wa milimita 70, upotevu ukashuka hadi nusu volti.

Betri ni za lithiamu aina ya LiFePO4, ampea-saa 400. Fyuzi kuu ni ya daraja T, chaguo sahihi, kwani betri hizi zikipata shoti hutoa mkondo mkubwa ambao fyuzi ya kawaida inaweza kushindwa kuukata. Kilichosahaulika ni altaneta (jenereta ndogo ya injini inayochaji betri): mfumo wa kulinda betri ukizikata ghafla huku injini inachaji, volti inaruka na kuunguza diodi. Tuliitaka karakana iweke chaja ya DC-DC (inayochaji betri moja kutoka nyingine) kati ya betri ya kuwashia na za lithiamu, ikaweka.

Vali za kupitisha maji ya bahari zilizoletwa kwanza zilikuwa za shaba nyeupe ya kawaida, ambayo zinki yake hutolewa na maji ya chumvi hadi chuma kikawa chepesi kuvunjika kama biskuti. Muuzaji alisema zinakidhi ISO 9093, na kweli zilikidhi, ila kiwango hicho kinaridhika na kifaa kisichoharibika kwa miaka 5. Kwa chombo cha kudumu miongo, hicho ni kipimo cha chini mno. Zikarudishwa, zikaja za shaba nyekundu ya majini (bronzi).

Injini inaweza kutolewa kupitia mlango wa ngazi bila kukata kitu, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Lakini kifuniko cha impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) ya pampu ya maji kinatazama kiambaza kwa nafasi ya sentimita 11. Kuibadilisha kunahitaji kioo cha mkononi na kushika spana bila kuiona. Impela hukatika baharini, mashua ikiyumba, ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya bodi) ikiwa na mafuta. Tundu la kufikia kutoka chumba cha nyuma lingetobolewa kwa saa chache kabla ya rangi. Sasa ni kazi ya siku kadhaa.

Kushua na majaribio

Shafti ilipangwa upya baada ya chombo kukaa majini siku mbili, kwa kuwa bodi hujikunja kidogo ikibebwa na maji badala ya magogo. Mwanya kati ya flenji (sahani mbili zinazounganisha shafti na injini) haukuzidi milimita 0.1 popote kwa flenji ya kipenyo cha milimita 100. Safi kabisa.

Kwenye majaribio, injini ya mizunguko 3,000 kwa dakika iliishia 2,750 na kutoa moshi mweusi. Propela ilichaguliwa kwa uzito wa michoro, ikawa inavuta mashua nzito zaidi. Ikapunguzwa mkunjo, injini ikafika 2,980. Hiyo nayo ni gharama ya zile kilo 560. Usukani ni mwepesi na chombo kinashika njia vizuri kikielekea upepo. Sitaha ilimwagiwa maji ya mpira kwa nusu saa kila upande na hakuna tone lililoingia ndani.

Cheti cha daraja A chini ya Maelekezo ya Ulaya 2013/53/EU kinahusu chombo kilichosanifiwa kwa upepo unaoweza kuzidi kiwango cha 8 cha Beaufort (kipimo cha nguvu ya upepo) na mawimbi yanayozidi mita 4, hali zisizo za kawaida kama kimbunga zikiondolewa. Hakisemi lolote kuhusu impela wala nati zilizofichwa chini ya tangi.

Dhamana ni ya miezi 24 kwa bodi na mkuku, 12 kwa vifaa vingine. Baada ya mwaka mmoja karakana inakipandisha chombo kwa gharama yake, inakaza upya boliti za mkuku, inapima unyevu wa bodi katika nukta 40 zilizowekwa alama, na inalinganisha na vipimo vya siku ya kushua. Kukifikisha chombo karakanani ni juu ya mteja, na kufungua meza na kochi ili kuzifikia zile nati mbili kumeandikwa kuwa juu ya karakana.